Ndege wa Bahari Kuu na Ushahidi wa Nyumba za Makumbusho

Mvuvi wa pwani yetu akiulizwa majina ya ndege wa baharini, atawataja shakwe na membe, na baada ya hao huenda akanyamaza. Asidhaniwe kuwa hana macho. Yeye ajua sana ya kuwa ndege wakikusanyika na kujitupa majini mahali pamoja, chini yao pana samaki, naye ataelekeza chombo huko kabla ya mgeni kutambua kitu. Lakini lugha haitoi jina kwa kila kionekanacho. Hutoa jina kwa kile ambacho watu wamekihitaji, wamekila, wamekiogopa au wamekiuza. Ndege apitaye mbali na nchi kavu, asiyeshuka pwani mchana, asiyeliwa wala asiyedhuru, hupita pasipo jina.

Twaanza na habari ya majina, kwa kuwa jambo tutakalolieleza lina sehemu mbili, jina na mwili, na mara nyingi sehemu hizo zimetengana. Yuko ndege mmoja ambaye kwa miaka 111 mwili wake ulikuwa katika nyumba ya makumbusho huko Italia, na jina lake lilikuwa vinywani mwa watu wa visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki, wala upande mmoja haukuwa na habari ya upande wa pili. Habari yake tutaisimulia kwa kirefu. Kwanza yafaa tueleze ni ndege wa namna gani hao, na kwa nini ni vigumu kuwashuhudia.

Ndege tunaowasema ni wa jamaa ya petreli. Wako wadogo wasiozidi shomoro kwa mbali, wako na wakubwa kama kunguru. Alama yao ni mirija ya pua iliyo juu ya mdomo. Maisha yao ni bahari tupu. Nchi kavu huijia kwa ajili ya kuzaa tu, nao huja usiku, huingia mashimoni chini ya mizizi ya miti au katika nyufa za miamba, hutaga yai moja tu, na kabla ya alfajiri yule asiyeatamia amekwisha kurudi baharini. Basi mtu aweza kulima shamba juu ya kilima miaka ishirini, na ndege hao wakazaa chini ya miguu yake, asiwaone hata siku moja. Aonapo kitu, ni manyoya machache mahali paka alipokula.

Baharini nako si rahisi. Chombo kinayumba, ndege yuko mbali, huinuka juu ya wimbi mara moja kisha huzama katika bonde la maji asionekane tena. Jua likiwa nyuma yake, mweupe huonekana mweusi. Tena aina nyingi zafanana kiasi cha kutofautiana kwa urefu wa mdomo tu, au kwa mistari myembamba tumboni. Mtu mwaminifu akirudi bandarini akasema, "Nimemwona ndege ambaye hakuonekana tangu siku za mababu," tufanyeje? Hatumwiti mwongo. Wala hatuwezi kuandika neno lake kitabuni kana kwamba limethibitika. Kadhi humwuliza mdai shahidi; na katika elimu ya ndege shahidi aliyetegemewa zaidi, kwa muda wa karne mbili, ni ngozi ya ndege iliyohifadhiwa.

Ngozi hiyo hutengenezwa hivi. Ndege hupasuliwa tumboni, nyama na matumbo hutolewa, ngozi pamoja na manyoya, mabawa, miguu na mdomo huachwa. Zamani upande wa ndani ulipakwa sabuni ya aseniki ili wadudu wasiile, na kwa sababu hiyo mpaka leo watu wa makumbusho huzishika ngozi za kale kwa hadhari. Kisha hujazwa pamba, hushonwa, mabawa hulazwa ubavuni, miguu hufungwa, na ndege hulazwa chali katika mtoto wa kabati pamoja na wenzake. Hakuwekwa apendeze macho, kama wale wa ukumbini wenye macho ya kioo. Amewekwa ili apimwe: bawa, mkia, mdomo na mguu, leo na baada ya miaka mia, na mtu ambaye hajazaliwa bado.

Lakini ngozi peke yake ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili ni kile kikaratasi kilichofungwa mguuni, kiandikwacho mahali, siku, mwezi, mwaka, na jina la aliyemchukua. Na akiwa mtu makini, huongeza rangi ya macho na ya miguu, kwa maana rangi hizo hufifia mara baada ya kufa. Kikaratasi kikipotea, ngozi huwa pambo. Na katika ngozi za aina moja, ile ambayo mtu aliitumia alipoieleza aina hiyo kwa mara ya kwanza huitwa kielelezo cha asili. Jina la kitaalamu limefungwa kwake. Shaka ikizuka kama jina fulani ni la ndege huyu au yule, watu hurudi kwa kielelezo hicho, kama vile wenye kugombania mpaka warudivyo kwenye jiwe lililochimbiwa na wazee.

Tuvumiliwe tukitoka njiani kidogo. Sisi tukusanyao maneno ya lugha za watu tumezoea kuandika katika daftari: neno, na maana yake. Mara ngapi tumeandika pamoja nayo kijiji, mwaka, na umri wa aliyelisema? Tumewahi kupokea orodha ya majina ya ndege, ya samaki na ya miti, iliyoandikwa kwa mkono mzuri sana, wala hapakuwa na alama hata moja ya kuonyesha ilitoka Pemba au Lamu au Mgao. Orodha hiyo ni ndege asiye na kikaratasi mguuni. Twakiri kwamba na daftari zetu wenyewe za zamani zina kasoro hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa yule ndege wa Italia.

Katika mwaka 1865 manowari ya Kiitalia iliyoitwa Magenta ilianza safari ya kuizunguka dunia, chini ya nahodha Vittorio Arminjon. Ndani yake alikuwamo mtaalamu wa viumbe, Filippo de Filippi, pamoja na msaidizi wake kijana, Enrico Giglioli. De Filippi alikufa Hong Kong mwaka 1867, na kazi yote ikamwangukia Giglioli, aliyekuwa bado hajatimiza miaka ishirini na miwili. Tarehe 22 Julai mwaka ule ule, merikebu ikiwa katikati ya Pasifiki ya Kusini, mbali na kila nchi, alipatikana petreli mmoja mwenye mgongo, kichwa na kifua cha rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, tumbo jeupe, na mdomo mweusi. Giglioli akaandika siku na mahali. Mwaka 1869 yeye na Tommaso Salvadori walimtangaza kuwa ni aina mpya, wakamwita kwa jina la merikebu, magentae. Ngozi yake ikawekwa Turin.

Katika maandiko hayo hayo walitangaza petreli wengine watatu wa safari ile. Mmoja alipewa jina la nahodha Arminjon, mmoja jina la marehemu De Filippi, na mmoja, trinitatis, jina la kisiwa cha Trindade kilicho mbele ya Brazili. Baadaye ilionekana kwamba yule wa nahodha na yule wa kisiwa ni aina moja. Ndege hao wana rangi zaidi ya moja, weusi na weupe wakizaa pamoja. Majina manne, ndege watatu. Lakini kosa hilo lilisahihishwa kwa kuwa ngozi zilikuwapo kusahihisha. Lau wangaliacha maelezo ya maneno tu, hata leo tungalikuwa tukibishana.

Petreli wa Magenta yeye hakuwa na mwenzake. Miaka ilipita, merikebu zikapita, wala hakuchukuliwa mwingine. Kikaratasi chake kilisema kweli tupu, nacho hakikuweza kusaidia, kwa kuwa kilitaja mahali pa maji. Ndege wa jamaa hii aweza kuruka maelfu ya kilomita kutafuta chakula. Alipopatikana sipo azaliwapo. Wengi walimhesabu kuwa ametoweka.

Upande wa mashariki wa New Zealand, mwendo wa kilomita kama 800, viko visiwa vya Chatham. Wenyeji wake wa kwanza ni Wamoriori. Mwaka 1835 walivamiwa na Wamaori kutoka New Zealand, wakauawa wengi na wengine wakafanywa watumwa. Watu wa visiwa hivyo, wa kwanza na wa pili, walizoea kutoa makinda ya petreli mashimoni na kuyala. Katika majaa ya kale, yaani mahali walipotupa mifupa na makombe, mifupa ya petreli mmoja mkubwa ni mingi kupita kiasi. Wazee walikuwa na jina lake, taiko. Na Wamoriori husema tchaik. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwako bado upande wa kusini wa kisiwa watu waliomjua kwa ladha yake. Kisha paka, panya na nguruwe walioletwa na watu waliendelea na kazi yao, msitu ukakatwa, na taiko akawa neno la wazee.

Mtu aweza kusema: basi si jambo jepesi, kuwaendea wazee na kuwauliza? Lakini hapa lugha yenyewe huleta mtego. Kwa Kimaori cha New Zealand, jina taiko hutumika kwa petreli wengine pia, weusi, wazaao huko. Watu wahamapo huchukua majina yao pamoja na mizigo, na wafikapo nchi mpya huwavika viumbe wapya majina ya wale wa kwao waliofanana nao. Wasomaji wetu watakumbuka mifano kwetu: jina moja la mti Unguja ni la mti mwingine Mrima. Hivyo jina taiko peke yake halikuthibitisha kitu zaidi ya kwamba alikuwako petreli aliyeliwa. Ilihitajiwa mifupa iseme ni petreli gani. Na mifupa nayo ilihitaji mwili wenye manyoya wa kulinganishwa nao, na mwili huo ulikuwa Turin.

Mwaka 1964 Mwingereza W. R. P. Bourne aliandika makala akizipanga hoja hizo pamoja, kwamba petreli wa Magenta na taiko wa Chatham huenda wakawa ni ndege mmoja. Hii ilikuwa hoja ya mezani. Aliyeipeleka msituni ni David Crockett wa New Zealand, ambaye aliongoza safari nyingi kwenda kusini ya kisiwa, mahali paitwapo Tuku. Yeye na wenzake walikaa usiku wa giza wakielekeza taa kali angani, kwa maana petreli huvutwa na mwanga. Mara waliona vivuli, wakaandika, wakarudi nyumbani bila ushahidi. Mwishowe, tarehe 1 Januari 1978, ndege wawili walishuka wakakamatwa kwa mkono. Wakapimwa, wakapigwa picha, wakatazamwa manyoya mmoja mmoja, kisha wakaachiliwa. Alikuwa ndiye.

Twaomba msomaji atazame vizuri ni kitu gani kilichotendeka usiku ule. Mnamo 1867 kijana mgonjwa wa bahari au mzima, hatujui, alikaa juu ya merikebu iyumbayo akaandika vipimo na siku kwa uangalifu, asijue kama kuna mtu atakayevihitaji. Kwa ajili ya uangalifu huo, mnamo 1978 haikuwa lazima kumwua hata mmoja katika ndege ambao pengine walikuwa hawazidi mia chache duniani. Kielelezo cha kwanza kililipa deni la wote waliofuata.

Kazi haikuishia hapo, maana kumkamata ndege si kujua nyumba yake. Mwaka 1983 familia yenye shamba upande ule ilitoa msitu wake, zaidi ya hekta 1,200, uwe hifadhi. Mwaka 1987, kwa kuwafunga ndege vyombo vidogo vya redio na kufuata sauti zake, yalipatikana mashimo ya kwanza. Tangu hapo paka na panya hutegwa, na mwaka 2007 walianza kuhamisha makinda mpaka mahali palipozungushiwa ua usiopenyeka. Makadirio ya miaka ya 2010 yalihesabu ndege 150 hadi 200 tu kwa jumla.

Habari za namna hii si moja. Kisiwani Gau, nchi ya Fiji, mwaka 1855 manowari ya Kiingereza Herald ilichukua petreli mmoja mweusi, ambaye G. R. Gray alimtangaza mwaka 1860 kwa jina la MacGillivray, mtaalamu wa merikebu ile. Ngozi ilikaa London. Watu wa Gau walimwita kacau. Hakuthibitika tena mpaka mwaka 1984, Dick Watling alipomkamata mmoja kisiwani pale pale. Na baharini hakutambuliwa kwa hakika mpaka mwaka 2009. Hapa kikaratasi kilitaja kisiwa, wala si maji, na tofauti yake yaonekana: mtafutaji alijua mahali pa kusimama.

Tena yuko petreli mdogo wa dhoruba wa New Zealand. Ngozi zake zilikuwa tatu tu duniani, zote za karne ya 19, mbili Paris na moja Uingereza. Wengi hawakukubali hata kwamba ni aina ya peke yake. Walisema ni petreli wa kawaida mwenye rangi isiyo ya kawaida. Januari 2003 watazamaji waliokuwa baharini mashariki ya New Zealand walimpiga picha ndege ambaye hawakumwelewa. Picha zililinganishwa na zile ngozi tatu, hasa mistari ya tumboni, na ubishi ukageuka. Baadaye walikamatwa walio hai, na mwaka 2011 vinasaba vyao vililinganishwa na vya ngozi za kale, vikakubaliana. Mwaka 2013 ikajulikana kuwa huzaa katika kisiwa cha Hauturu, karibu kabisa na mji wa Auckland wenye watu zaidi ya milioni. Paka walikuwa wamekwisha kuondolewa kisiwani humo mwaka 1980, na panya mwaka 2004. Pengine ndiyo sababu hawakwisha wote.

Na wakati mwingine shahidi hukaa mahakamani asiulizwe. Mwaka 1963 katika kisiwa cha Midway alichukuliwa ndege mdogo wa jamaa hii akiwa shimoni, akapelekwa Marekani, akaandikiwa jina la aina iliyojulikana. Miaka 48 alilala katika kabati. Mwaka 2011 Peter Pyle na wenzake walimpima upya na kuchunguza vinasaba vyake, wakaona kwamba hakupata kuelezwa na mtu ye yote. Muda mfupi baadaye Wajapani walichunguza mizoga michache iliyookotwa katika visiwa vya Ogasawara, wakaona ni aina hiyo hiyo, na mwaka 2015 ikathibitika kuwa huzaa huko. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Ila hakuna aliyekuwa amelifungua kabati kwa swali hilo.

Hata hivyo tusije tukayasifu makabati kupita haki yake. Ngozi haisemi uongo, lakini kikaratasi chaweza. Kusini mwa Uingereza, karibu na mji wa Hastings, kati ya mwaka 1892 na 1930, ilisemekana kwamba ndege wa ajabu wengi mno walipigwa risasi pale pale. Watu walilipa fedha nyingi kwa ndege wa kigeni aliyepatikana Uingereza, ambaye kama angetajwa kwa nchi yake ya kweli angeuzwa kwa bei ndogo. Mwaka 1962 wachunguzi walilinganisha hesabu za wilaya ile na za wilaya za jirani na za miaka iliyofuata, wakaona haziwezi kusadikika. Rekodi zaidi ya mia tano zikafutwa, za kweli na za uongo pamoja, kwa kuwa haikuwezekana kuzitenga.

Jambo la pili latuhusu kwa karibu zaidi. Richard Meinertzhagen, afisa yule aliyemwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 1905 wakati wa mazungumzo ya amani, baadaye alipata sifa kubwa kama bingwa wa ndege. Mwaka 1954 alitoa kwa makumbusho ya London ngozi zipatazo 20,000. Baada ya kufa kwake ilidhihirika kwamba ngozi nyingi zilikuwa zimeibwa katika makumbusho, London yenyewe ikiwamo, na kufungwa vikaratasi vipya vya mahali ambapo ndege hao hawakupatikana. Pamela Rasmussen na wenzake walimgundua kwa njia ambayo fundi cherehani ataielewa upesi: kila mtengeneza ngozi ana mkono wake, namna ya kushona, ya kujaza pamba, ya kufunga miguu. Mishono ikimtaja mtu mmoja na kikaratasi kikamtaja mwingine, kikaratasi ndicho kiongopacho. Bundi mmoja wa India, ambaye si ndege wa bahari lakini mfano wake wafaa, alitafutwa miaka mingi asionekane, kwa kuwa watafutaji waliamini kikaratasi cha Meinertzhagen. Kilipotupiliwa mbali, na watu wakaenda mahali palipotajwa na ngozi za kweli, bundi akaonekana, mwaka 1997.

Hata penye ukweli wa kikaratasi, hukumu yaweza kukosea. Mwaka 1995 wataalamu watatu walitangaza aina mpya ya ndege mdogo wa baharini, mweusi mgongoni, kutoka magharibi ya Bahari ya Hindi, yaani maji yetu. Miaka mitano baadaye wengine waliokuwa wakichunguza viota vya kisiwa cha Réunion walionyesha kwamba huyo ni yule yule wa kawaida wa visiwa vile, naye bado kijana mwenye manyoya mapya. Ngozi moja haiwezi kuonyesha ndege akikua.

Lipo swali ambalo walimu wenye wanafunzi wapole watatuuliza: je, ni halali kumwua ndege adimu ili kuthibitisha kwamba yupo? Zamani swali hilo halikuulizwa, na wako viumbe ambao huenda walimalizwa na wakusanyaji waliowahi kupata wa mwisho. Siku hizi picha nzuri, tone la damu na unyoya mmoja hutosha mara nyingi. Sisi twaona kwamba kumwua petreli wa aina iliyobaki mia moja na hamsini ni kosa, hata ikiwa elimu itachelewa. Lakini hatuungani na wale wasemao kwamba makabati yafungwe na ngozi zitupwe kwa kuwa ni kumbukumbu za mauaji. Wameuawa tayari, kuwapuuza ni kuwaua bure. Na baharini hufa wengi bila mtu kuwagusa. Mnamo mwaka 2007, petreli wa Beck, aliyejulikana kwa ngozi mbili tu za miaka ya 1928 na 1929, alipopatikana tena karibu na New Ireland, Hadoram Shirihai alimwokota mmoja aliyekwisha kufa akielea majini, na huyo akawa kielelezo.

Hilo latuleta pwani yetu. Kusini ya Unguja, katikati ya maji marefu, liko Fungu Mbaraka, ambalo ramani za Kizungu huliita Latham. Huko huzaa ndege wa bahari kuu ambao wengi wetu hatutawaona bara. Kaskazini zaidi, mwaka 1955, Mfaransa Jouanin alimtangaza petreli mweusi wa Bahari ya Arabuni akamwita fallax, yaani mdanganyifu, kwa kuwa alikuwa akidhaniwa kuwa petreli mwingine. Viota vyake havikujulikana mpaka vilipopatikana Sokotra mwanzoni mwa karne hii. Ndege hao huvuka maji yanayopakana na Somalia na Kenya. Kusi ikivuma kwa nguvu, mara kwa mara mmoja hutupwa ufukoni, watoto wakamchezea, kunguru wakamla, na habari yake ikaisha.

Mwalimu aliye karibu na pwani, akiletewa mzoga wa namna hiyo, asiushike kwa mkono mtupu, kwa ajili ya homa ya ndege iliyoenea pande nyingi za dunia; autie mkono katika mfuko wa nailoni kwanza. Autazame mdomo kama una mirija ya pua. Aupige picha juu na chini, bawa likiwa limekunjuliwa, na rula ikiwa kando yake. Aandike siku hiyo hiyo, asingoje jioni: ufuko gani, nani aliyeokota, upepo ulikuwaje, rangi ya miguu na ya mdomo. Kisha apeleke habari kwenye nyumba ya makumbusho ya nchi yake, ya Nairobi au Dar es Salaam, aulize kama wautaka mwili wenyewe, kwa maana kuhifadhi mizoga ya ndege kwahitaji ruhusa. Na awaulize wazee wa ngalawa kama wana jina lake. Wakiwa nalo, aliandike kama walivyolitamka, pamoja na jina la kijiji. Na wakisema hawana, aandike hivyo pia.